Darasa la Kupona: Majibu kwa Barua Zenu Kutoka Kusini

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi. Maneno yanatofautiana, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: mgonjwa wa akili akishatulizwa kwa dawa, anafundishwa nini ili aendelee na maisha yake, na nani anafaa kumfundisha? Tumezifupisha na kuondoa majina.

SWALI: Mama, Newala

Habari za kazi. Kijana wangu ana miaka 24. Alilazwa kwa ugonjwa wa akili, sasa yuko nyumbani na anachomwa sindano kila mwezi. Muuguzi anasema kuna elimu ya kupona, nimpeleke. Anakwenda kufundishwa nini wakati shule alishamaliza? Mimi naona afadhali aende shambani kuliko kukaa anasikiliza mawaidha.

JIBU

Mama, pole kwa kuuguza. Kama ni mawaidha, una haki ya kukataa. Mgonjwa wa akili amekwisha kuambiwa mengi: ameza dawa, acha mawazo, mche Mungu. Elimu ya kupona ni kitu kingine. Ni masomo ya mtu mzima kuhusu maisha yake mwenyewe: ugonjwa wangu unaanzaje kila mara, dawa hii inafanya nini mwilini na inaniletea adha gani, nitalalaje, nitarudije kazini, nitamjibu nini jirani anayeniuliza nilikuwa wapi, na fedha nitazishikaje.

Kliniki na darasa havifanyi kazi moja. Kliniki anaulizwa, anaandikiwa, anaondoka. Darasani anajiandikisha mwenyewe, anachagua somo, ana daftari lake, na mwisho wa somo anaondoka na hatua aliyoipanga kwa mkono wake. Walimu huwa wawili: mmoja ana taaluma ya afya, mwingine ameupitia ugonjwa huo na akasimama tena. Wanaliandaa somo pamoja tangu mwanzo. Huyu aliyepitia ugonjwa asiitwe tu siku ya mwisho kutoa ushuhuda.

Huko Uingereza vyuo vya namna hii vilianza mwaka 2009 kusini-magharibi mwa London, kisha Nottingham mwaka 2011. Kabla ya hapo Wamarekani walikuwa na madarasa ya aina hiyo Boston na Arizona. Kwa jirani zetu, Hospitali ya Butabika jijini Kampala inacho chuo chake cha kupona. Lakini hata sisi hatuanzi na sifuri. Mwaka 1973 kampeni ya *Mtu ni Afya* iliwakutanisha watu zaidi ya milioni 1 katika vikundi kwa wiki 12. Walisikiliza redio, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kuondoa maji yaliyotuama. Mpango ulikuwa kusikiliza, kujadili, kuamua, kutenda. Darasa zuri la kupona linafuata mpango huohuo, ila jambo linalojadiliwa ni akili.

Kuhusu shamba: aende. Darasa linachukua saa mbili kwa wiki, halizuii jembe. Muulize tu muuguzi anatumia dawa gani. Akiwa na vidonge vya klopromazini, dawa ya kutuliza akili, ngozi yake huungua upesi kwa jua, kwa hiyo avae kofia na mikono mirefu, aanze kazi alfajiri na kupumzika jua likipanda. Baadhi ya wanaoitwa wavivu baada ya kutoka hospitali wameunguzwa na jua au wamelemewa na usingizi wa dawa, na hakuna aliyewaeleza.

Wala usingoje dalili zote ziishe ndipo aanze. Wapo wanaosikia sauti mara mojamoja na bado wanalima, wanalea na wanalipa madeni. Huo nao ni kupona.

SWALI: Muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, wilaya ya Masasi

Tunataka kuanzisha darasa. Bajeti hatuna, mtaalamu wa akili ni mmoja. Tuanzeje bila kuaibika?

JIBU

Ndugu muuguzi, anza na watu 8 hadi 12, usizidishe. Wachanganye: wanaotibiwa, ndugu zao, na mtumishi wa afya mmoja au wawili ambao wamekuja kujifunza kama wengine. Mchanganyiko huo ndio nguvu yenyewe. Ndugu anamsikia mgonjwa wa mwenzake akieleza jambo ambalo kwa mgonjwa wake mwenyewe hajawahi kulisikiliza nyumbani.

Mahali pasiwe wodini. Mtu akionekana anaingia jengo la wagonjwa wa akili, mtaani anaandikwa upya siku hiyohiyo. Tafuta ukumbi wa kata, darasa la shule siku ya Jumamosi, au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa shule za wananchi za nchi za Skandinavia, ambako mtu mzima anajifunza kwa manufaa ya maisha yake. Darasa la kupona lina nasaba navyo. Vina vyumba, vina karakana za ushonaji na useremala, na mwanafunzi wako akimaliza wiki zenu nane amekwisha kuzoea lango la kuingilia fani nyingine.

Ratiba ya kusini inaamuliwa na mkorosho. Oktoba hadi Desemba usijaribu, watu wako mashambani wanaokota na wengine wamehamia huko. Miezi ya kupulizia, Juni hadi Agosti, inawezekana kwa sababu salfa, dawa ya mikorosho, hupulizwa asubuhi na mapema kukiwa na umande na upepo umetulia. Basi weka darasa saa nane mchana. Saa nane inafaa kwa sababu nyingine pia: wanaomeza dawa usiku huwa wazito hadi saa nne asubuhi. Epuka siku ya gulio. Ijumaa nayo iache, maana swala na darasa vitagombea mchana uleule. Siku ya sindano inaokoa nauli, lakini mtu aliyekaa benchi tangu saa moja hana nguvu ya kujifunza kitu, kwa hiyo ukiitumia, darasa lianze ndani ya saa moja tangu achomwe.

Somo moja ni dakika 120, na zigawanywe hivi. Dakika 10 za salamu na kukumbushana makubaliano ya darasa. 15 za kuulizana hatua ya wiki iliyopita ilikwendaje. 20 mwenye taaluma anaeleza jambo moja tu. 20 mwalimu mwenzake anaonyesha jambo hilo linavyokuwa katika maisha. 15 mapumziko ya chai na muhogo. 25 kazi ya watu watatu watatu. 15 za mwisho kila mtu anaandika hatua yake: nini, siku gani, saa ngapi. Nimesisitiza jambo moja kwa sababu ugonjwa wenyewe na baadhi ya dawa hupunguza umakini na kumbukumbu. Liseme, liandike kwa herufi kubwa kwenye bango kitita, kisha walitende. Ukiweka mambo matano, hakuna litakalofika nyumbani.

Kwa wiki nane, masomo yanayoitwa zaidi ni haya: ugonjwa wangu na chanzo chake (hapa usikimbie habari ya majini na uchawi, waache waseme, kisha eleza ubongo, kurithi, misiba, bangi na pombe vinavyochangia); dawa na adha zake; usingizi; dalili za mwanzo za kurudiwa; mpango wa kujikinga, ambao unachukua wiki mbili; kuzungumza nyumbani; kazi na fedha.

Sasa mwalimu aliyepitia ugonjwa. Mchague aliyetulia, anayeweza kusimulia bila kujiumiza, na anayesikiliza wengine. Kaa naye saa mbili kabla ya kila somo mkaligawe. Aamue mwenyewe atasema nini na nini abaki nacho. Kama wewe una posho ya somo hilo, naye apate sawa na wewe, siyo soda. Na awe na mbadala, kwa sababu akiugua wiki hiyo asijione amevunja darasa.

Madarasa haya hufa kwa sababu zinazojulikana. La kwanza ni muuguzi kusimama mbele saa mbili nzima huku mwenzake ameketi kama shahidi, na wanafunzi wanaelewa palepale nani ni nani. La pili ni posho za kukaa: fedha ya mradi ikiisha, watu wameisha. Rudisha nauli kwa anayetoka mbali, basi. La tatu ni kumwambia mtu kuwa asipokuja darasani hapati dawa. Hapo umeua maana yote ya kujiandikisha. La nne ni picha kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Katazeni simu kupiga picha tangu siku ya kwanza, pamoja na za kwenu watumishi. Na lipo moja tunaloliona kuwa zito kuliko yote: mnafundisha umuhimu wa dawa wakati dirisha la dawa ni tupu. Kabla ya somo la dawa, ulizia famasia dawa ipi ipo, nje inauzwaje, na kituo gani cha jirani kinayo. Usipokuwa na jibu hilo, utapoteza imani yao kwa muda mrefu.

Vifaa ni karatasi za bango kitita, kalamu rashasha nne, madaftari, penseli, na jamvi kama viti havitoshi. Kaeni duara. Mpangilio wa shule, watu wakitazamana visogo, unarudisha wengi kwenye woga wa darasa la nne.

SWALI: Msichana mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), Lindi mjini

Nimeambiwa niandike mpango wa kujikinga. Nikishika kalamu sijui nianzie wapi. Halafu Ramadhani hunitibua karibu kila mwaka. Nifanyeje?

JIBU

Dada, andika wakati huu ukiwa mzima, usingoje. Mpango wa aina hii uliundwa mwaka 1997 katika jimbo la Vermont, Marekani, na Mary Ellen Copeland pamoja na watu wenzake waliokuwa wakiishi na maradhi ya akili. Unafanya kazi kwa sababu mwenye ugonjwa ndiye mwandishi wake. Kaka yako akikuandikia, umekuwa wa kaka.

Chukua daftari dogo la kuingia mkobani. Ukurasa wa kwanza andika vitu vinavyokurudisha sawa, vyote vidogo na vya kweli: kutembea ufukweni jioni, kusuka ukili, kuongea na shangazi, kuzima simu saa tatu. Fika walau kumi. Kurasa zinazofuata zitachota humo.

Ukurasa wa pili: nikiwa mzima nikoje, na kila siku nifanye nini nibaki hivyo. Andika jambo linaloweza kuhesabika. "Nilale vizuri" haitekelezeki. "Niwe kitandani saa nne usiku, dawa nimeze saa mbili baada ya chakula" inatekelezeka.

Ukurasa wa tatu: vinavyonitibua kutoka nje. Msiba, ugomvi, kukesha kwenye unyago au arusi, malipo ya korosho kuingia kwa mkupuo. Mbele ya kila kimoja weka utakachofanya. Kwenye arusi, kwa mfano: nitarudi saa tano usiku, dada mkubwa anajua, sitasubiri kuombwa.

Ukurasa wa nne ndio mgumu, na ndio unaookoa: dalili zangu za mwanzo kabisa. Muulize mtu unayeishi naye, maana wa ndani huziona kabla yako. Kwa wenye baipola mara nyingi ni usingizi kupungua na nguvu zisipungue, kuongea haraka, kununua, kuanzisha mambo manne kwa mpigo, hasira ya ghafla. Ziandike zako kwa maneno yako: "napiga simu watu saa nane usiku", "nafagia uwanja mara tatu". Kisha weka mpaka: usiku miwili mfululizo chini ya saa nne za kulala, siku ya tatu naenda kliniki hata kama najisikia vizuri. Hasa kama najisikia vizuri.

Ukurasa wa tano: mambo yakiharibika haraka. Nani anapigiwa, kazi gani inasimama, nani anashika laini yangu ya simu na kadi ya benki. Ukurasa wa sita: nisipoweza kujiamulia. Andika majina ya watu wawili au watatu unaowaamini waamue, na yupo ambaye hutaki ahusike, mwandike pia. Hospitali gani upelekwe, dawa gani ilikufaa, ipi ilikukaza shingo, nani abaki na watoto. Humu weka na habari ya mawazo ya kujiua kama yamewahi kukujia: nisiachwe peke yangu, nipelekwe hospitali usiku huohuo, na sumu za mikorosho zifungiwe kwa kufuli nje ya nyumba na ufunguo awe nao mtu mwingine. Wape nakala hao wawili, na nyingine iwekwe kwenye faili lako kliniki. Ukurasa wa mwisho ni wa kurudi: baada ya kutoka hospitali nianze na nini, na nini kingoje.

Mipango mingi hushindwa kwa kuwa mirefu, au kufungiwa sandukuni. Usome kila Jumapili dakika kumi, uubadilishe kila baada ya tukio kubwa.

Ramadhani sasa. Nenda kliniki mwezi wa Shaaban, wiki mbili au tatu kabla, usipange dawa mwenyewe. Dawa ya mara moja kwa siku huhamia usiku bila taabu. Ya mara mbili mara nyingi huweza kuwekwa futari na daku. Ya mara tatu inahitaji daktari aitazame upya. Ukiwa unatumia lithiamu, mojawapo ya dawa za baipola, kufunga kwenye joto letu ni hatari kweli, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji dawa hupanda kwenye damu na kuwa sumu. Hata hivyo kinachokutibua huenda si njaa. Tarawehe, baraza la usiku, kisha daku, usingizi unakatwa vipande, na kukosa usingizi peke yake kunaweza kumpandisha mtu mwenye baipola. Linda saa tano za mfululizo, ongeza saa mbili mchana. Ukishindwa hata hivyo, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwone shehe unayemwamini ukiwa na barua ya daktari, mkubaliane kabla mwezi haujaandama.

SWALI: Kaka mkubwa, Tandahimba

Mdogo wangu ametoka hospitali miezi mitano. Anaamka saa nne, anakaa kimya, hafanyi kitu. Tunamwambia kila siku aache uvivu. Mama naye hamruhusu hata kushika kisu. Tufundisheni sisi.

JIBU

Kaka, umeuliza vizuri kwa kusema "sisi". Utafiti uliofanyika London tangu miaka ya 1950 hadi 1970 ulionyesha kwamba anayerudi kwenye nyumba ya lawama za kila siku hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Na siyo lawama tu: kuzidisha ulinzi, kama wa mama, nako kumo. Ndugu hawausababishi ugonjwa huu, hilo lieleweke kabisa. Ila wanaweza kupunguza moto ndani ya nyumba, na hilo linafundishika.

Kwanza, kutofanya kitu kuna sababu tatu zinazofanana usoni. Ugonjwa wenyewe huondoa ari hata sauti zikishakwisha. Dawa inaweza kumkaza misuli, kumtoa mate, kumtetemesha mikono au kumlaza. Au ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Tazama: akitembea bila kurusha mikono, uso hauchezi, anadondosha mate, hiyo yaelekea ni dawa. Mpeleke wapunguze kipimo au wampe benzeksoli, dawa ya kulegeza misuli iliyokazwa hivyo. Kamwe msimkatishe dawa wenyewe. Akipata nafuu baada ya kuugua mara ya kwanza, dawa huendelea walau mwaka mmoja zaidi, na kuiacha ghafla ndiyo njia fupi ya kurudi hospitali.

Pili, ombeni jambo moja, lenye kipimo na saa. "Wewe huna faida" haina kazi ya kufanya ndani yake. "Naomba uchote ndoo mbili kabla ya saa tano" inayo. Akifanya, sema umeona. Wiki ya pili ongeza kidogo. Mama ampe kisu na muhogo wa kumenya akiwa amekaa naye.

Tatu, tafuteni familia nyingine. Mtindo tunaoupendekeza zaidi ni ule wa familia nyingi kukutana pamoja, alioukuza William McFarlane huko Marekani. Mwezeshaji anaonana na kila familia peke yake walau mara tatu kwanza. Kisha familia 5 hadi 8, wagonjwa wakiwemo, zinakutana kila baada ya wiki mbili kwa dakika 90. Dakika 15 za mazungumzo ya kawaida, mvua, bei, mpira, na zisirukwe, maana wengi wamesahau kuketi na watu bila ugonjwa kuwa ndio habari. Dakika 20 kila familia inasema hali yake. 5 kuchagua tatizo moja tu. 45 kulitatua: liandikwe kwa sentensi moja, watu wote watoe mawazo bila kupingwa, yapimwe faida na hasara, familia yenye tatizo ichague, ipangwe nani atafanya nini lini. 5 za kuagana. Ni miezi tisa au zaidi, na matunda hayaonekani mapema, kwa hiyo msivunje kikundi mwezi wa tatu.

Tatizo la kwanza mnaloweza kupeleka ni msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho. Uraka na nipa, pombe za mabibo, vitakuwepo kila kona kuanzia Oktoba. Pombe inazidisha usingizi wa dawa, inaharibu usingizi wa kweli, na mtu husahau vidonge. Kukataza tu hakutoshi. Amueni Septemba atakaa na nani jioni, fedha yake ya kuokota itunzwe na nani kwa ridhaa yake, na akinywa nani ataongea naye, kesho yake asubuhi, si usiku uleule.

SWALI: Mwalimu wa sekondari, Kilwa

Mwanafunzi wa kidato cha tatu amerudi baada ya miezi minne ya matibabu. Sijui tumpokeeje.

JIBU

Mwalimu, kurudi kwake kusionekane kama hisani. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali waruhusiwe kurejea shuleni, na ugonjwa nao ni sababu. Kabla ya siku ya kwanza, keti nusu saa na yeye, mzazi na mwalimu wa darasa. Swali la kwanza kwake liwe: unataka wenzako waambiwe nini? Akisema "nilikuwa naumwa", inatosha, na walimu wote wajibu hivyohivyo.

Wiki mbili za mwanzo asome nusu siku, masomo manne au matano anayoyaweza. Karibu naye awepo mwenzake mmoja wa kumpa madaftari anakili. Akaushwapo mdomo na dawa aruhusiwe chupa ya maji. Mkono ukitetemeka, apewe muda zaidi kwenye majaribio yenu ya ndani, na kwa mitihani ya taifa ongea na ofisi ya elimu mapema. Kumwadhibu kwa kuchelewa kunakotokana na usingizi wa dawa hakumfundishi kitu. Mwombe mzazi aulize kliniki kama dozi inaweza kusogezwa mapema jioni. Mkubaliane na neno moja la kusema akitaka kutoka nje dakika tano bila maelezo. Kukariri kidato kuwe chaguo lake, baada ya kumwona anavyofanya muhula mmoja. Na ukifundisha darasa zima habari za afya ya akili, jambo zuri, lifundishe kabla hajarudi au mwezi baadaye, lisije likaonekana ni somo juu yake.

SWALI: Bibi, Mikindani

Mimi namlea mjukuu wangu anayeumwa akili. Sikusoma. Hayo madaftari yenu nitayafanyaje?

JIBU

Shikamoo bibi. Daftari ni njia moja tu. Chukua makopo mawili na bakuli la korosho mbichi. Kila asubuhi mjukuu akiamka mwulize amelalaje. Kama usingizi ulikuwa mzuri, atumbukize korosho moja kopo la kulia, kama alikesha, la kushoto. Afanye kwa mkono wake. Zikiingia mbili za kushoto mfululizo, kesho yake ni kliniki. Siku ya kliniki beba makopo yote mawili. Muuguzi atahesabu, na atapata habari ya mwezi mzima ambayo wengi wenye madaftari hawana.

Kwa dawa, mwombe anayegawa achore jua kwenye pakiti ya asubuhi na mwezi kwenye ya usiku, na idadi ya vidonge kwa vistari. Mpango wa kujikinga mwambie mjukuu ausemee kwenye simu akiwa mzima, kwa sauti yake: nikianza kufanya hivi na hivi, bibi nipeleke, mpigie mjomba, nguo zangu ziko hapa. Mjomba naye atumiwe sauti hiyo. Siku akikataa kwenda, msibishane. Mfungulieni sauti hiyo aisikie.